Majina ya Marehemu Wetu: Kuyatafuta Unguja kwa Imani

Katika sura ya 7 ya kitabu cha Nehemia, baada ya watu kurudi kutoka uhamishoni Babeli, tunasoma habari za makuhani waliotafuta majina yao katika orodha za ukoo wakayakosa. Hawakufukuzwa katika taifa, lakini walizuiwa kufanya ukuhani mpaka shauri lao liamuliwe. Wengi wetu sura hiyo tunaipita haraka kwa sababu ni majina matupu, moja baada ya jingine. Kwa watu wale majina hayo yalikuwa ardhi yao, kazi yao na nafasi yao mbele ya madhabahu.

Hapa Unguja nasi tuna watu wanaotafuta majina. Huja kwa mchungaji kwa sababu mbalimbali. Mjane anahitaji cheti cha kifo ili mirathi ya watoto igawanywe. Kijana aliyezaliwa bara ameambiwa kwamba babu yake alikufa Mji Mkongwe akifanya kazi bandarini, na hajui alizikwa wapi. Mama mwenye jina la Kikristo ameona kwamba nusu ya ukoo wake ni Waislamu, anataka kujua njia hizo mbili ziliachana lini. Wote wanauliza swali moja: aliyetutangulia aliandikwa wapi? Katika insha hii nitaeleza mahali pa kutafuta, namna ya kusoma kinachopatikana, na kwa nini kazi hii inatuhusu sisi kama kanisa.

Je, ni halali kwa Mkristo?

Wapo washarika wanaoogopa. Wanasema kuwatafuta wafu ni kurudi kwenye mizimu na matambiko. Hofu hiyo ina sababu zake, basi tuijibu kwa mafundisho yetu wenyewe. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 21, linafundisha kwamba watakatifu wakumbukwe ili imani yetu iimarishwe tunapoona jinsi walivyopewa neema, na ili tufuate mfano wa matendo yao mema, kila mtu katika wito wake. Kifungu hichohicho kinakataza kuwaomba watakatifu msaada, maana mpatanishi ni mmoja, Kristo. Mpaka umewekwa wazi: kumkumbuka marehemu ni halali, kumwomba marehemu si halali.

Biblia yenyewe inatunza kumbukumbu za vifo kwa makini. Mwanzo sura ya 5, kwa karibu kila mzee, inataja miaka aliyoishi, na kwamba alikufa. Mwanzo 23 inaeleza jinsi Ibrahimu alivyolinunua kaburi la Sara, bei aliyolipa na mashahidi waliokuwapo langoni, karibu kama hati ya ofisini. Mathayo anaanza Injili kwa ukoo, tena hawaachi nje wale ambao familia nyingi zingewaficha, kama Rahabu na mke wa Uria. Kanisa la Kiinjili la Prussia liliagizwa na mfalme wake mwaka 1816 litenge Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa kwa ajili ya kuwakumbuka waliokufa, na mpaka leo sharika nyingi za Ujerumani husoma siku hiyo majina ya waliozikwa mwaka huo. Yanasomwa ili walio hai wasikie kwamba Bwana hajamsahau hata mmoja.

Vitabu vya kanisa na watu walioachwa huru

Kumbukumbu za Kikristo za zamani zaidi katika Unguja ziko katika vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya Waanglikana na Wakatoliki. Sisi Waluteri tulichelewa kuweka makazi hapa. Mtafutaji ambaye familia yake ilikuwa ya Kikristo kabla ya Mapinduzi atajikuta mara nyingi mlangoni kwa ndugu zetu wa Mkunazini, au kwa Wakatoliki wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu Mji Mkongwe. Aende kwa heshima, na barua ya utambulisho kutoka usharika wake.

Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi UMCA, ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer. Mkataba wa kufunga soko la watumwa ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo mahali pale pale pa soko. Askofu Edward Steere, aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, alikufa mwaka 1882 akazikwa ndani ya kanisa hilo, nyuma ya madhabahu. Huko Mbweni, kwenye shamba lililonunuliwa mwaka 1871, misheni iliwapa makazi watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Caroline Thackeray, aliyeongoza shule ya wasichana pale, alizikwa Mbweni mwaka 1926.

Makaburi ya askofu na mwalimu ni rahisi kuyapata. Ugumu unaanza kwa wale waliokuwa wengi. Mtu aliyekombolewa alikuwa amekwisha kupewa majina zaidi ya moja: jina la kwao Unyasa au Uyao, jina alilopewa na bwana wake pwani, kama Mabruki, Faraji au Feruzi, kisha jina la ubatizo. Katika kitabu anaweza kuandikwa kwa lolote kati ya hayo. Mfano ulio wazi ni Abdullah Susi, mmoja wa watumishi wa Livingstone. Alibatizwa mwaka 1886 akaitwa David, akafa Unguja mwaka 1891. Anayemtafuta kwa jina la Abdullah peke yake katika vitabu vya kanisa vya miaka ile anaweza kupita juu ya jina lake bila kujua. Ndiyo maana mtafutaji hupaswa kuandika kwanza majina yote aliyosikia nyumbani, pamoja na ya utani, kabla hajafungua kitabu chochote.

Wengine majina yao yanatokea mara moja tu. George Farajallah na John Swedi walikuwa kati ya wavulana wa kwanza ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa Askofu Tozer mwaka 1864. Mwaka 1870 wote wawili wakafanywa mashemasi wadogo, na muda mfupi baadaye Farajallah akafa kwa kipindupindu kilichoupiga mji mwaka 1869 na 1870. Yeye tunamjua kwa sababu misheni iliandika. Maelfu waliokufa kwa ugonjwa huohuo wamebaki kuwa hesabu tu katika kitabu ambacho daktari James Christie alikichapisha mwaka 1876.

Mti wa Chitambo na tarehe mbili

Kabla mtafutaji hajaiamini tarehe yoyote, na ajifunze kutokana na kifo kilichoandikwa kuliko vyote katika historia ya eneo letu. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kiko Zambia. Jacob Wainwright, Mwafrika aliyesomeshwa India katika shule ya Nassick, alichonga jina lake na tarehe kwenye gome la mti ambao moyo wa marehemu ulizikwa chini yake. Mti ulisema tarehe 4 Mei. Jiwe la kaburi lake katika Westminster Abbey, London, linasema 1 Mei. Wenzake waliubeba mwili mwezi baada ya mwezi mpaka pwani, ukapitia Unguja mwanzoni mwa mwaka 1874. Kipande cha mti huo kilitengenezwa msalaba, nao uko katika Kanisa la Mkunazini.

Ikiwa kifo cha mtu maarufu namna hiyo, kilichoshuhudiwa na watu waliojua kusoma na kuandika, kina tarehe mbili, tusishangae babu zetu kuwa na tatu. Hapa Unguja ziko sababu za ziada. Nyaraka za kadhi na za wakfu hufuata mwaka wa Hijria, ambao ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa kanisa. Sayyid Said, kwa mfano, alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, yaani Safari mwaka 1273 wa Hijria. Aliyeishi miaka 66 kwa kalenda yetu amefikisha 68 kwa Hijria. Pia siku ya Kiislamu huanza jua linapozama, basi aliyefariki Alhamisi saa mbili usiku huambiwa amefariki usiku wa kuamkia Ijumaa. Tofauti ya siku moja isikufanye udhani umepata mtu mwingine.

Makaburi

Kaburi ni hati, lakini si kila kaburi lina maandishi. Katika mazoea ya Kiislamu ya hapa, kaburi la kawaida huachwa bila jina, na anayelijua ni mwenye ukoo. Kwa hiyo mtafutaji mwenye jamaa Waislamu asipoteze siku nyingi akizunguka makaburini peke yake. Amtafute mzee wa ukoo huo waende pamoja, maana yeye ndiye kitabu.

Makaburi yenye maandishi ni machache. Makaburi ya Wakristo wa Mbweni yako kwenye uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Yohana, lililowekwa wakfu mwaka 1882. Kwenye kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya bandari, wamezikwa mabaharia wa Uingereza, wakiwamo waliouawa katika meli ya Pegasus, iliyozamishwa na Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Masultani wako Makusurani. Na si kila mtu wa Unguja amezikwa karibu na Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alibatizwa Aden mwaka 1867 akaitwa Emily, akaolewa na Mjerumani aitwaye Ruete. Alikufa Jena mwaka 1924, na kaburi lake liko Hamburg. Katika makaburi ya kifalme ya hapa humwoni, ingawa ni mtoto wa nyumba ile.

Kwa Mluteri, kaburi la kukumbukwa zaidi katika pwani yote liko Mombasa. Johann Ludwig Krapf, aliyetoka katika kanisa la Kiluteri la Württemberg, alipokewa na Sayyid Said hapa Unguja mwezi Januari 1844. Julai mwaka huohuo mkewe Rosine akafa Mombasa pamoja na mtoto wao mchanga, wakazikwa ng'ambo ya Nyali. Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo ni ishara ya kazi iliyoanza. Kwake kumbukumbu ya kifo ilikuwa tayari mahubiri.

Serikali, mahakama na magazeti

Aliyekufa katika miaka ya karibuni anatafutwa serikalini. Jambo ambalo watu wa bara hulikosea ni kwamba usajili wa vifo si jambo la Muungano. Cheti cha mtu aliyefia Unguja hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2018, na aliyefia bara yuko chini ya RITA. Mahali alipofia ndipo panapoamua, wala si mahali alipozaliwa au alipozikwa. Familia nyingi za washarika wetu husafirisha mwili kwenda Kilimanjaro, Iringa au Kagera, kisha wanahangaika huko kutafuta cheti ambacho kilipaswa kufuatiliwa hapa tangu mwanzo. Anzeni kwa sheha wa shehia alipoishi marehemu, na hati ya hospitali iwekwe salama kabla ya safari.

Aliyekufa zamani hutafutwa Kilimani, katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Humo zimo barua za ukonseli wa Uingereza, majalada ya serikali ya kikoloni, hati za Kiarabu, na kumbukumbu za watu walioachwa huru. Majalada ya mirathi yana thamani kubwa, kwa kuwa marehemu mwenye nyumba au minazi aliacha madai, na madai yaliwataja warithi kwa majina. Tume ya Wakfu ilianzishwa mwaka 1905, na hati za wakfu wakati mwingine ziliwataja pamoja na watoto wa mwenye mali wale aliowaacha huru. Mkristo ambaye bibi yake alikuwa mzalia wa nyumba fulani anaweza kumkuta humo, katika hati ya Kiislamu, kabla hajamkuta kanisani.

Magazeti nayo yasisahauliwe. Gazeti rasmi la Zanzibar, lililoanza mwaka 1892, lilichapisha matangazo ya mirathi. Samachar, lililoanza mwaka 1903 kwa Kigujarati na Kiingereza, linafaa kwa familia za Kihindi, ambazo baadhi yao huchoma maiti na hivyo hawana kaburi. Wanafunzi wa Kiungani walikuwa na gazeti lao la Kiswahili, Msimulizi, kuanzia mwaka 1888, lenye habari za vituo vya misheni. Gazeti la UMCA huko Uingereza, Central Africa, lilianza mwaka 1883, na nyaraka za misheni hiyo ziko Oxford. Kumbuka tu kwamba tanzia za magazeti ya misheni ziliandikiwa wafadhili. Humsifu marehemu kwa imani yake, na huenda zisitaje ndugu zake waliobaki Waislamu.

Redio na vinywa vya wazee

Tanzia iliyo bora kuliko zote Unguja haikuandikwa gazetini. Ilisikika redioni. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, na mpaka leo Shirika la Utangazaji Zanzibar husoma matangazo ya vifo. Tangazo la namna hiyo hutaja jina la marehemu, mtaa wake, mahali na saa ya maziko, kisha huwaita jamaa mmoja mmoja: fulani wa Makunduchi, fulani wa Wete, fulani wa Mombasa, fulani wa Maskati. Kwa dakika moja umepewa ukoo mzima na mahali ulikotawanyika. Tatizo lake ni kwamba sauti hupita. Lakini karatasi iliyopelekwa kituoni mara nyingi iliandikwa nyumbani, na nakala yake inaweza kuwa ndani ya Msahafu, Biblia au sanduku la bibi. Iulizieni.

Mkiwauliza wazee, msiwabane kwa mwaka. Wengi huhesabu kwa matukio. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya Vita vya Ng'ombe, na utajua kwamba anazungumzia mwaka 1951. Kimbunga kikubwa ni cha Aprili 1872. Mizinga ya Waingereza iliipiga jumba la Sultani tarehe 27 Agosti 1896. Vurugu za uchaguzi ni Juni 1961, na Mapinduzi ni Januari 1964. Ukiwa na matukio hayo manne au matano mkononi, maneno ya bibi hugeuka tarehe.

Wasioandikwa

Lazima tuseme pia habari za wasioandikwa. Wapo waliotupwa baharini kutoka majahazi ya watumwa. Wapo waliokufa katika siku za Januari 1964, ambao jamaa zao hawakupata kaburi wala cheti. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Ilipatikana miili 203, na tume ya uchunguzi ikataja zaidi ya watu 1,300 waliopotea. Orodha ya abiria haikuwa kamili. Majina yalipatikana kwa sababu familia zilijitokeza kwa masheha zikasema: wetu hajarudi. Siku zile Unguja na Pemba zilijifunza kwamba jina linaweza kuokolewa na jirani aliyekubali kwenda kuliandikisha.

Mbele ya watu hao kanisa lina neno la kusema. Yesu aliwaambia wanafunzi wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni, na Isaya anasema Mungu amewachora watu wake katika viganja vyake. Mtafutaji aliyefika mwisho wa daftari asipate jina hajafika mwisho wa kumbukumbu za Mungu. Haya tuyaseme bila kuyafanya kisingizio cha uvivu, maana Mungu huyohuyo aliwaagiza watu wake waandike.

Jambo jingine linahitaji upole. Ukitafuta, utakuta neno mtumwa kando ya jina la babu yako, au kando ya jina la babu ya jirani yako. La kwako lipokee bila aibu. Paulo alimrudisha Onesimo kwa Filemoni akamtaka ampokee kama ndugu mpendwa, na ubatizo wa babu yako ulisema hivyohivyo. La jirani usilitangaze. Ni mali yake, na katika mji ambamo watu bado wanapimana kwa asili, siri hiyo inaweza kuvunja ndoa au ujirani.

Kazi ya usharika

Vitabu vyetu wenyewe vinaharibika. Unyevu wa bahari na mchwa havichagui dhehebu, na vitabu vya mazishi vya sharika nyingi vina mistari mitupu ya jina na tarehe. Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila anapozikwa msharika, pamoja na jina na tarehe yaandikwe majina ya wazazi wake, mahali alipozaliwa, mahali alipofia na mahali alipozikwa, hata kama mwili umesafirishwa. Pili, vitabu vya zamani vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na nakala itunzwe mahali tofauti na ofisi. Tatu, vijana wa usharika wawatembelee wazee wakiwa na daftari, waandike majina ya waliotangulia, ya Wakristo na ya Waislamu, maana ukoo ni mmoja.

Kisha Jumapili ya mwisho wa mwaka wa kanisa tuyasome majina hayo kwa sauti. Huenda msomaji akakosea matamshi ya jina la Kiyao au la Kiarabu. Amsikilize mjukuu aliyekaa kwenye benchi akimsahihisha, alisome tena vizuri, ndipo aendelee na linalofuata.